Ajenda ya Nane, Mengineyo

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ghala tangu Jumanne. Mashavu aliisoma Alhamisi, debe la maji kichwani na mtoto mgongoni, kwa kuwa ndiyo siku njia yake ilipopita pale. Alisoma polepole. Darasa la nne lilimpa herufi zote, ila haraka halikumpa. Kufungua mkutano. Kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Yatokanayo. Mbegu za pamba. Kuezeka ghala. Ugeni kutoka wilayani. Mahudhurio shambani. Mengineyo. Kufunga.

Akarudia kutoka juu, huku maji yakimchuruzika nyuma ya sikio. Jambo lake halikuwamo.

Alikuwa amemwambia balozi wa nyumba kumi, balozi akamwambia Katibu, Katibu akajibu kwamba hilo litaingia kwenye Mengineyo. Mwezi wa Desemba aliambiwa hivyo hivyo. Siku ile alikaa mkutanoni tangu saa nane mpaka jua lilipogusa vichaka, na ajenda ya mbegu ilikuwa bado inazungumzwa. Mtoto akalia, wanawake wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja kwenda kuwasha moto, naye akanyanyuka nao. Kesho yake alisikia kwamba Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo, na waliobaki wakasema hakuna.

Jambo lenyewe halikuwa refu. Kijiji chao kiliitwa Umoja, upande wa Misima, wilaya ya Handeni, na wakati ule kilikuwa hakijamaliza mwaka wa pili tangu watu wahamishwe kutoka kwenye vitongoji vyao na kupangwa kwa mistari. Shamba la kijiji lilikuwa mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiyebeba kitu. Kila mtu mzima alitakiwa shambani Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba. Akina mama wenye watoto wachanga waliwabeba. Mtoto akiwa mwepesi mama alilima naye mgongoni. Akiwa mzito alilazwa kwenye kanga pembeni ya shamba, mama akawa analima jicho moja huku na jicho moja kule, maana siafu hawapigi hodi.

Mashavu alikuwa na Swaumu, binti yake wa kwanza, aliyezaliwa mwezi wa Ramadhani. Katika mvua za vuli Swaumu alinyeshewa shambani mara mbili. Mara ya pili alipata kichomi, akawa anapumua kama anayepanda mlima, mbavu zikiingia na kutoka. Mganga wa zahanati alimchoma sindano siku saba. Siku ya saba alimfunga mtoto kanga vizuri mwenyewe, akamwambia Mashavu, "Mama, huyu umepewa mara ya pili. Asinyeshewe tena."

Sasa ilikuwa mwezi wa Machi. Masika ilikuwa imekaa upande wa milima ya Usambara, unaiona ukisimama mahali pa juu, nyeusi, haina haraka. Na palizi ya pamba hufanyika ndani ya masika. Hakuna palizi nyingine.

Aliyekuwa tayari kukaa na watoto kijijini alikuwepo: Bibi Hajira, aliyekuwa akiishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwa Mashavu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kazi lakini mikono ilikuwa mizima. Tatizo ni kwamba Bibi Hajira naye aliandikwa kwenye daftari la shamba. Wazee walisamehewa kulima, ila Katibu alipokuja kuandika umri, bibi alimwambia amezaliwa mwaka wa nzige. Nzige walikuwa wamepita nchi ile mara mbili, zamani sana na zamani kidogo. Katibu akachagua nzige wa karibu.

"Kanipunguzia miaka kama thelathini," Bibi Hajira alipenda kusema. "Mwanamume wa kwanza kunipa ujana, naye ananipeleka kulima."

Kwa hiyo mkutano ndio uliotakiwa kusema kwamba Bibi Hajira abaki na watoto, na kubaki kwake kuhesabiwe kuwa ni kazi. Hayo tu. Mashavu alikuwa ameyapanga kichwani mpaka yakawa maneno machache, akiyasema moyoni wakati wa kutwanga. Mumewe, Kibwana, alikuwa akikata mkonge huko Makuyuni, upande wa Korogwe, na aliporudi mwisho wa mwezi alimwambia, "We nenda tu ukaseme. Watakula nini kwako?" Kisha akalala, kwa kuwa alikuwa amechoka. Siku zile waliokuwa hawajachoka walikuwa wachache.

Mkutano ulifanyika Ijumaa baada ya sala, ndani ya ghala jipya lililokuwa na kuta bila mabati. Wanaume walikaa kwenye matofali upande wa mlango, wanawake chini kwenye majamvi upande wa pili, kivuli kikiwahama kidogo kidogo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mbaruku, mtu mpole, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakupenda kumkatiza mtu na kwa hiyo mikutano yake ilikuwa mirefu. Katibu alikuwa Ernesti, kijana aliyetoka Korogwe na kusomea uongozi wa vijiji kwa miezi mitatu. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, akaandika kila kitu, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka kabla ya kufunga mkutano.

Mashavu alikaa karibu na Dorkasi, jirani yake, ambaye naye alikuwa na mtoto wa miezi minne.

"Umeliona jambo letu kwenye karatasi?" Dorkasi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Liko Mengineyo."

"Pamba ina namba yake. Mabati yana namba yake. Mgeni wa wilayani hata hajafika, ana namba yake." Dorkasi alimhamishia mtoto titi la pili. "Sisi ndio mengineyo yenyewe."

Mkutano ukafunguliwa, muhtasari ukasomwa, mbegu zikaingia. Mbegu zilikaa muda mrefu. Mtu mmoja alitaka kujua kwa nini za mwaka jana hazikuota zote, mwingine akasema ziliota ila zililiwa, wa tatu akauliza zililiwa na nani. Swaumu alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Mashavu alimwangalia kope zake na kuhesabu pumzi bila kukusudia. Tangu kile kichomi alikuwa anahesabu hata usingizini.

Mabati yalipomalizika kivuli kilikuwa kimefika ukuta wa pili. Kuhusu ugeni wa wilayani ikaamuliwa kwamba mgeni apikiwe mbuzi. Ajenda ya mahudhurio Katibu aliisoma mwenyewe, jina baada ya jina, nani alikosa siku gani, na adhabu ni kufyeka nyasi za ofisi siku ya Alhamisi. Kufikia hapo wanawake walikuwa wameanza kunyanyuka.

Dorkasi alimvuta kanga. "Twende. Kisimani kutakuwa na foleni."

"Nitabaki."

"Peke yako?"

"Nitabaki, Mama Kaleb."

Dorkasi alimtazama kidogo, akasonya, lakini hakumsonya yeye. "Basi nipe debe lako nikutekee. Mimi huyu wangu akianza kulia ataezua hata hilo bati ambalo halijaja."

Akaondoka. Mashavu alipogeuka aliona jamvi tupu, na mwisho wa jamvi Bibi Hajira, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.

"Mie sijabaki kwa ushujaa," Bibi Hajira alimwambia. "Kunyanyuka ni kazi. Nikinyanyuka nataka iwe mara moja."

Kwenye matofali alikuwa amebaki mzee mwingine ambaye kawaida hakuwepo saa ile, Mzee Moringe, mfugaji, aliyehamia Umoja na ng'ombe wake na familia yake. Siku zote aliondoka kabla ya mwisho kwa sababu jioni ng'ombe hurudi. Leo alikuwa amekaa, fimbo kati ya magoti. Mwenyekiti alipouliza, "Mengineyo?" Moringe alikuwa amekwisha kusimama.

"Leo Naisimoi anawafungia ng'ombe," alisema, akimtaja mkewe. "Kwa hiyo nitasema leo ya miezi tisa."

Na kweli alisema ya miezi tisa. Njia ya ng'ombe kwenda mtoni ilikuwa imelimwa, akaieleza yote, mti kwa mti. Wenye mashamba pale wakajibu. Jua likawa jekundu juu ya ukuta. Hatimaye jambo la Moringe likapokelewa, akashukuru, akaenda zake kwa hatua ndefu. Mzee Mbaruku akaangalia juu, mahali ambapo pangekuwa na paa, akaona wakati wa magharibi unakaribia.

"Kama hakuna lingine," alisema, "basi..."

Mashavu alisimama. Alisimama vibaya, mtoto akamteleza ubavuni, akamrudisha. Yale maneno machache aliyoyatwanga wiki nzima hayakuwepo.

"Lipo, Mwenyekiti."

Katibu alikuwa amefunga daftari, kidole kikiwa ndani. Hakulifungua. "Ndugu, hoja hii iliwasilishwa kwa maandishi?"

"Nilimwambia balozi. Nikaambiwa nije nayo Mengineyo."

"Mengineyo ni kwa mambo madogo madogo."

"Langu ni dogo, Katibu," Mashavu alisema, akimgusa mtoto mgongoni. "Lina miezi sita."

Wanaume waliobaki wakacheka, na kicheko kile kikamsaidia, kwa sababu kilimpa nafasi ya kuvuta pumzi. Maneno yakarudi. Akasema kuhusu njia ya saa moja na nusu, siafu, vuli na kichomi. Akasema mganga alivyomwambia, kwa maneno yale yale. Akasema Bibi Hajira yuko tayari kubaki na watoto wote wanne wachanga wa kijiji, akasema anaomba kubaki huko kuhesabiwe kazi. Kisha akanyamaza bila kukaa, kwa kuwa hakujua kama mtu hukaa.

Mzee Mbaruku alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jambo alilokwisha kuliona.

"Kwa utaratibu," Katibu alisema, akifungua daftari sasa, "hoja haiwezi kupokelewa kama haijaungwa mkono. Nani anaunga mkono?"

Wanaume walitazama chini. Si kwamba walikataa. Wengi wao wake zao hawakuwa na mtoto mchanga mwaka huo, na wengine walifikiri tu kwamba aseme mwingine. Mashavu alitazama jamvi alipokuwa amekaa Dorkasi, ambaye wakati ule alikuwa kisimani na madebe mawili.

Ndipo Bibi Hajira alipoanza kunyanyuka. Ilichukua muda. Alishika ukuta, akageuka, akapiga goti, akasimama. Kisha akavuka ghala, polepole, kutoka upande wa wanawake mpaka katikati alikosimama Mashavu, mkutano mzima ukimngojea. Alipofika alinyoosha mkono wake mkavu, akaushika mkono wa Mashavu, akausimamisha hapo, vidole ndani ya vidole.

"Haya," alimwambia Katibu. "Nimeunga."

Mtu mmoja upande wa matofali alikohoa ili asicheke. Bibi Hajira maisha yake yote alizungumza Kizigua, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mkutanoni hakuwahi kufungua mdomo.

"Bibi," Ernesti alisema, "kuunga mkono si hivyo. Unanyoosha mkono wako juu, unasema, naunga mkono."

"Mkono wangu na nani?"

"Wako peke yake."

"Sasa hapo nimeunga na nini?" Bibi Hajira aliuliza, naye aliuliza kwa dhati. "Mwanangu, umesema nani anaunga mkono. Mimi na magoti haya nimetoka kule ukutani. Usinirudishe."

Sasa walicheka wote, isipokuwa Katibu, ambaye kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Mashavu hakucheka. Alihisi ule mkono tu, ulivyokuwa wa moto na mwepesi, na akaona kwamba bibi anatetemeka kwa kusimama, akasogea ili amwegemee.

"Katibu," Mzee Mbaruku alisema, "huo mkono umeungwa au haukuungwa?"

"Umeungwa, Mwenyekiti. Ila..."

"Andika."

Ernesti akaandika. Wakati akiandika, Mwenyekiti alieleza kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba mambo ya Mengineyo hupokelewa tu. Hayaamuliwi siku hiyo. Yataamuliwa mkutano ujao.

"Mkutano ujao ni lini, mzee?" Mashavu aliuliza, ingawa alijua.

"Baada ya miezi mitatu. Mwezi wa sita."

"Masika itakuwa imekwisha."

"Najua, binti yangu." Hakumtazama usoni. "Taratibu si zangu mie. Tumeletewa."

Mashavu alisimama pale, bibi mmoja mkononi na mtoto mmoja mgongoni, akahisi uchovu wa siku nzima ukimshuka miguuni. Angeweza kukaa chini. Badala yake akasema, "Naomba Katibu asome alivyoandika."

Hilo Ernesti hakulikataa. Kusomewa kulikuwa katika utaratibu, na pengine alifurahi kwamba kuna mtu aliyejua. Akasoma: "Ndugu Mashavu ameomba Ndugu Hajira abaki kijijini na watoto wachanga siku za shamba, na kazi hiyo ihesabiwe. Ndugu Hajira ameunga mkono. Imepokelewa." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Likishaandikwa hapa halipotei, ndugu. Mkutano ujao litarudi lenyewe kwenye Yatokanayo. Hutahitaji kusimama."

Mkutano ukafungwa.

Walirudi pamoja, Bibi Hajira akimshika bega. Karibu na nyumba zao bibi alisimama kupumua.

"Sasa wamekubali au hawajakubali?"

"Wamepokea."

"Kupokea ndiyo nini?"

"Sijui, Bibi. Wameshika. Hawajala, hawajatema."

Bibi Hajira alifikiri kidogo. "Basi Jumatatu niletee mtoto. Na wale wengine watatu. Wao wakiendelea kushika huko, na mimi nitashika huku."

Mvua ilianza Jumapili. Jumatatu asubuhi mama wanne walipita nyumba ya tatu, wakaacha watoto wanne kwenye ngozi ya mbuzi karibu na moto, na sufuria ya uji mwembamba. Mashavu alifika shambani mgongo ukiwa mwepesi, hata akawa anatembea kama aliyesahau kitu. Katibu aliita majina kwenye mvua, daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hajira binti Sefu."

"Yuko na watoto," Mashavu alisema.

"Hilo limepokelewa. Halijapitishwa." Ernesti alisema hivyo bila kuinua macho, na maji yalikuwa yakimtiririka kwenye kola. "Naandika hayupo."

Aliandika hayupo Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, wiki hadi wiki, na kila Alhamisi Bibi Hajira alidaiwa kufyeka nyasi za ofisi. Na kwa kuwa ilikuwa masika, nyasi ziliota usiku na mchana. Mama wanne wakagawana. Alhamisi moja Dorkasi, inayofuata Mashavu, wakizunguka hivyo. Wale wengine wawili waliposhikwa na homa za malaria, zamu zao walizibeba hao hao.

Kwa hiyo haikuwa kwamba maisha yalikuwa mepesi. Mashavu aliamka alfajiri kukoroga uji, akalima mpaka saa saba, na kufikia saa nne maziwa yalimjaa kifua kikauma, akajificha nyuma ya kichaka kuyakamua chini, yakaenda na maji ya mvua kwenye mfereji. Aliyaangalia yakienda. Alirudi akikimbia sehemu za mteremko na kutembea sehemu za kupanda. Akifika, kabla ya kusalimia, aliweka kiganja mgongoni kwa Swaumu. Mgongo ulikuwa mkavu. Kila mara ulikuwa mkavu. Kisha ndipo alipoketi, akamnyonyesha, na mara mbili au tatu alisinzia mtoto akinyonya, Bibi Hajira akamshikilia kichwa kisianguke.

"Unalala kama gunia," bibi alimwambia.

"Nisamehe, Bibi."

"Sijakugombeza. Gunia likilala halisumbui mtu."

Pamba ilipaliliwa mara ya kwanza, ikapaliliwa mara ya pili. Mtoto mmoja wa wale wanne alipata mafua, yakapita. Swaumu akaota meno mawili ya chini na kuanza kujivuta kwa matako kwenye ngozi ya mbuzi. Masika ikaisha, njia ikakauka, na karatasi mpya ikabandikwa mlangoni pa ghala. Kuthibitisha muhtasari. Yatokanayo, na chini yake herufi mbili, a na b: njia ya ng'ombe, na malezi ya watoto wachanga siku za shamba. Mashavu alisoma neno hilo, malezi, mara tatu.

Siku ya mkutano wa Juni alikuwa ametoka kufyeka siku iliyotangulia, si zamu yake. Ghala lilikuwa limeezekwa nusu, na akina mama walikaa upande wenye bati. Kulikuwa na baridi kidogo na kivuli kizuri. Mashavu aliketi akaegemea ukuta. Akajiambia kwamba jambo lake ni la mwisho wa mkutano, kwa mazoea, akisahau alilosoma mlangoni, kwamba kuna mbegu na mgeni na mabati yaliyobaki kabla halijafika, na mtoto ametulia. Akafumba macho wakati Mwenyekiti akisema Uhuru na watu wakijibu Na Kazi.

Alipoyafumbua, watu walikuwa wanazungumza juu ya kuvuna. Swaumu hakuwa mapajani mwake. Akageuka, akamwona amekaa kwa Bibi Hajira, anatafuna ncha ya kanga.

"Bado hawajafika?" alinong'ona.

"Wapi?"

"Kwenye letu."

Dorkasi aliinama akaziba mdomo kwa mkono. "Mama Swaumu. Letu limepita kitambo. Lilikuja mara tu baada ya yale ya ng'ombe. Katibu kasoma, Mwenyekiti kauliza, watu wamenyoosha mikono. Hata mate hayajakauka mdomoni."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unakoroma. Nilitaka kukuamsha, Katibu akasema mjumbe mwenye hoja aachwe, hoja yake ina maandishi."

Mashavu alitazama upande wa matofali. Ernesti alikuwa ameinama, anaandika yale ya kuvuna. Mikono yake mwenyewe ilikuwa na malengelenge ya fyekeo, akaifunga ndani ya kanga.

"Kwa hiyo Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu niko kazini," Bibi Hajira alisema. "Na Alhamisi yenu mkalale."

Mkutano ulikuwa na ajenda tano mbele yake. Mashavu alisogea, akaweka kichwa begani kwa Dorkasi, akalala tena.